Nchi ya kijani iliyonunua nyasi ng'ambo

Msomaji mpendwa, leo ninakutegea kitendawili. Kuna nchi ambayo ukiitazama kutoka juu angani utaona kijani tupu, toka pwani moja hadi nyingine. Mvua hainyimi, mito yake haikauki, na sehemu kubwa ya ardhi yake ya kilimo ni malisho. Ng'ombe wake ni zaidi ya milioni 6, ilhali watu ni milioni 5 hivi. Ilikuwaje basi nchi hiyo ikaagiza nyasi kwa meli kutoka ng'ambo ili mifugo wasife njaa?

Usihangaike kunipa mji, maana jibu nitalitoa mwenyewe. Nchi hiyo ni Ayalandi, na mwaka wenyewe ni 2013.

Majira ya joto ya mwaka uliotangulia, 2012, yalikuwa ya mvua isiyokatika, na wakulima walivuna nyasi kidogo tena hafifu. Kisha baridi ya mwaka wa 2013 ikakataa kuondoka. Mwezi Machi ulipita, Aprili ikaingia, na malisho yalikuwa bado yamelala. Ng'ombe walibaki mabandani wakilia, na maghala yalikuwa yamefagiliwa. Vyama vya ushirika vya wakulima vililazimika kununua nyasi kavu Uingereza na Ufaransa na kuzivusha bahari, na serikali ikatoa fedha kusaidia gharama ya usafirishaji.

Sisi ambao tumezoea kusikia mifugo wakifa kwa ukame twaweza kustaajabu kwamba mvua nayo huleta njaa. Lakini tulia, msomaji, nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda. Ukimaliza utajua kwa nini mkulima wa Ayalandi anaponunua robota la nyasi, kitu anacholipia hasa si nyasi. Nyasi anazo. Anacholipia ni siku chache za jua.

Tuanze na baridi. Ayalandi iko mbali kaskazini. Mwezi Desemba, katika jiji la Dublin, jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi, na ifikapo saa kumi na dakika chache jioni limekwisha kuzama. Udongo ukipoa na kushuka chini ya nyuzijoto 5 au 6 hivi, nyasi husimama kukua. Isitoshe, ardhi hulowa kiasi kwamba ng'ombe wakiachwa malishoni wataikanyaga yote igeuke tope. Kwa hiyo kuanzia mwezi Novemba hivi hadi Machi, ng'ombe wengi hufungiwa mabandani. Kila kinachoingia kinywani mwao miezi hiyo lazima kiwe kilivunwa na kuwekwa akiba wakati wa joto.

Na akiba ya jadi ni nyasi kavu.

Nadhani utasema, kuna kazi gani kukausha nyasi? Si ni kukata na kuanika? Haya, tupige hesabu.

Nyasi zilizokatwa sasa hivi huwa na maji asilimia 80 hivi. Ili zikae ghalani miezi sita bila kuoza, maji hayo hayana budi kushuka hadi asilimia 15, au kwa vyovyote vile yasizidi 20. Chukua robota moja la mviringo la nyasi kavu lenye uzito wa kilo 220. Kabla ya kukauka, nyasi hizo hizo zilikuwa na uzito wa kilo zaidi ya 900. Yaani lita 700 na ushei za maji zimepaa hewani. Hiyo ni mitungi 35 ya lita 20, ile ile unayotekea maji nyumbani mfereji ukikauka, na ni kwa robota moja tu. Mkulima mwenye marobota 100 atazidisha mwenyewe.

Maji hayo huondolewa na jua na upepo, na kazi hiyo huchukua siku nne au tano kavu zinazofuatana. Hapo ndipo penye shida. Dublin hupata mvua ya milimita 750 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho si cha kutisha hata kidogo. Tatizo ni kwamba mvua ya Ayalandi haimwagiki ikaisha. Hunyunyiza leo, hunyunyiza kesho, hupumzika saa mbili kisha hurudi. Pwani ya mashariki hunyeshewa siku 150 hivi kwa mwaka, na sehemu za magharibi hufika siku 225. Kupata siku tano kavu mfululizo ni sawa na kupata matatu tupu wakati wa msongamano: yapo, ila hayapiti unapoyataka.

Wahenga wetu walisema udongo uwahi ungali maji. Mkulima wa Ayalandi angeugeuza msemo huo: nyasi aziwahi zingali kavu.

Matayarisho huanza mwezi Aprili. Mkulima hulifunga konde moja au mawili, ng'ombe wasiingie, nyasi zikue ndefu. Kufikia Juni zimeanza kutoa mashuke. Kuanzia hapo mkulima hana raha. Kila Jumapili hukaa mbele ya televisheni kusikiliza utabiri wa hali ya hewa ambao shirika la utangazaji la RTÉ huutoa mahususi kwa wakulima. Akikata mapema, majani huwa laini na yenye lishe nyingi, lakini ni machache. Akisubiri hadi Julai mwishoni, hupata nyasi nyingi, lakini mabua yamekomaa na kuwa magumu kama ufagio, na ng'ombe hupata shibe bila nguvu. Akikata leo na mvua ikaja kesho kutwa, sehemu ya lishe huoshwa ikaingia ardhini, naye huanza kukausha upya.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mikono. Nyasi zilifyekwa kwa fyekeo lenye mpini mrefu, baadaye kwa mashine iliyovutwa na farasi. Watu wazima na watoto walizigeuza kwa reki za mbao, wakazikusanya katika virundo vidogo ili umande na mvua visizilowanishe zote, kisha wakaunganisha virundo hivyo kuwa vikubwa zaidi na kuvifunga juu kwa kamba. Kamba yenyewe ilisokotwa kwa nyasi zizo hizo, na huitwa súgán. Kamba ya aina hiyo ilitumiwa hata kusukia vikalio vya viti.

Hakuna jamaa moja iliyoweza kazi hiyo peke yake. Majirani walikusanyika leo kwa huyu, kesho kwa yule, bila mshahara. Waairishi huuita ushirika huo meitheal, nasi tungeuita msaragambo. Mwezi Juni jua la huko halizami hadi saa nne usiku, na watu walibaki kondeni hadi gizani. Watoto walileta chai katika chupa zilizovishwa soksi za sufu zisipoe. Wazee wa mashambani huko wakikumbuka utoto wao, hukumbuka chai ile kuliko karamu yoyote.

Leo matrekta yameshika kazi. Mashine ya kwanza hukata. Ya pili hutawanya na kugeuza nyasi mara moja au mbili kwa siku ili upepo upite chini yake. Ya tatu huzikusanya kuwa mistari mirefu. Ya nne huzimeza na kutema robota lililofungwa kwa kamba au wavu. Wakulima wengi hawana mashine zote hizo, hivyo hukodi mwenye nazo. Na siku jua linapotoka, kila mtu humtafuta mtu yule yule kwa simu. Ukiwa wa kumi kwenye foleni, huenda mvua ikakufikia kabla yake.

Je, mkulima hujuaje kwamba nyasi zimekauka? Wapo wenye kipima unyevu, lakini wengi hutumia mkono. Huchukua konzi ya nyasi na kuinyonga kama nguo iliyofuliwa. Ukiona unyevu kwenye mabua, au yakipinda bila kuvunjika, ngoja. Yakilia na kukatika, funga.

Kosa la kufunga nyasi zingali na maji si dogo. Nyasi mbichi zikishindiliwa pamoja huanza kuchacha na kupata joto. Joto hilo likikosa pa kutokea huongezeka siku baada ya siku, na baada ya majuma kadhaa ghala zima linaweza kuwaka moto bila mtu kuwasha kiberiti. Ndiyo maana wazee walikuwa wakitia fimbo ya chuma katikati ya lundo, wakaiacha kwa muda, kisha wakaichomoa na kuishika. Ikiwachoma viganja, lundo lilibomolewa usiku huo huo. Wengine walinyunyiza chumvi kati ya tabaka za nyasi.

Na hata moto usipozuka, kuvu itaota. Robota lenye kuvu likifunguliwa hutoa vumbi jeupe kama moshi. Mtu anayelivuta vumbi hilo kila baridi, miaka nenda miaka rudi, anaweza kupata ugonjwa wa mapafu wa kukohoa, homa na kuishiwa pumzi, na mapafu yakiharibika hayarudi yalivyokuwa. Ugonjwa huo hata umepewa jina la mkulima mwenyewe: madaktari huuita pafu la mkulima. Kwa hiyo, msomaji, kiangazi kibaya hakiishi na kiangazi. Hufuata watu hadi kifuani.

Majira ya joto ya mwaka wa 1985 yalikuwa ya mvua kupindukia, na ya mwaka wa 1986 hayakuwa afadhali. Nyasi zilioza kondeni mbele ya macho ya wenyewe. Misiba ya aina hiyo iliwasukuma wakulima wengi waachane na nyasi kavu na kushika njia nyingine iliyokuwa imeanza kuenea tangu miaka ya 1960: saileji.

Saileji ni nyasi zinazokatwa na kuachwa zinyauke siku moja au mbili tu, kisha hushindiliwa kwenye shimo lililofunikwa au kuvingirishwa katika plastiki isiyopitisha hewa. Humo huchacha kidogo, zikapata uchachu unaozihifadhi, mfano wa maziwa yanavyogeuka mala yakadumu. Saileji haihitaji siku tano za jua. Leo ndiyo lishe kuu ya baridi nchini Ayalandi, na nyasi kavu zimebaki sehemu ndogo ya akiba yote.

Mabadiliko hayo yamegusa hata kiumbe ambaye huenda amewahi kupita juu ya paa lako. Kuna ndege wa nyasini ambaye wanasayansi humwita Crex crex, jina linaloiga mlio wake. Hutaga na kulea makinda katika makonde marefu ya Ayalandi, kisha baridi ikikaribia huruka hadi nyika za mashariki na kusini mwa Afrika. Enzi za nyasi kavu, kondeni hapakukatwa mpaka makinda yamekua. Saileji hukatwa mapema, na kwa mashine ziendazo kasi. Ndege huyo aliyekuwa akisikika kila kijiji sasa amebaki sehemu chache za magharibi, ambako baadhi ya wakulima hulipwa ili wachelewe kukata, na wakikata waanzie katikati kuelekea kingo, makinda yapate njia ya kutorokea.

Hata hivyo, nyasi kavu hazijakosa wanunuzi. Kwa hiyo tuje kwenye bei, jambo ambalo nina hakika litakupendeza wewe unayebishana na muuza sukuma kila jioni.

Miaka ya karibuni, katika mwaka wa kawaida, robota la mviringo limekuwa likiuzwa euro 25 hadi 40 hivi. Bei huwa ya chini Julai, robota likiwa bado kondeni na mnunuzi amekuja na trekta lake. Huwa ya juu Februari, likiwa limelala ghalani miezi saba na sasa lapelekwa hadi mlangoni. Kiangazi kikiwa kizuri kila mtu huvuna, na bei huanguka. Kikiwa kibovu, aliyefanikiwa kukausha huuza kama dhahabu. Wenye farasi wa mbio, kama wale wa jimbo la Kildare, hulipa zaidi kwa nyasi safi zisizo na vumbi, kwa kuwa farasi mwenye kikohozi hashindi mbio.

Lakini bei ya robota peke yake ni mtego. Jitie mahali pa mkulima aliyeishiwa. Muuzaji wa kwanza akutakia euro 35 kwa robota. Wa pili atoza euro 30. Utamkimbilia wa pili, sivyo? Ngoja kwanza uyapime. Robota la kwanza lina kilo 250, la pili lilifungwa legelege na lina kilo 180. La kwanza ni senti 14 kwa kilo. La pili ni karibu senti 17. Robota la bei nafuu ndilo ghali.

Sasa aje wa tatu na robota la saileji lenye kilo 750, ajisifu kwamba lake ni kubwa mara tatu. Mwulize kilichomo. Ikiwa asilimia 28 tu ni chakula chenyewe na kinachobaki ni maji, basi ng'ombe wako atapata kilo 210 za chakula kikavu. Robota la nyasi kavu la kilo 250, likiwa na maji asilimia 15, lina kilo 212. Yamelingana! Tofauti ni kwamba hili moja limebeba zaidi ya nusu tani ya maji, na trekta lako lingeyabeba maji hayo kwa mafuta yako.

Kisha mwombe muuzaji afungue robota moja. Tia mkono katikati uone kama lina joto. Linuse: harufu iwe tamu, mfano wa majani ya chai yaliyofunguliwa sasa hivi. Rangi iwe na kijani kidogo, isiwe hudhurungi ya moshi. Tazama kama majani ni mengi au ni mabua matupu.

Na uangalie mmea wenye maua ya manjano ambao Waairishi huuita buachalán. Sheria ya Ayalandi ya mwaka wa 1936 inamtaka mwenye shamba aung'oe, kwa kuwa una sumu inayoharibu ini. Ukiwa mbichi malishoni, ng'ombe huuepuka kwa uchungu wake. Ukishakauka ndani ya nyasi uchungu hupungua lakini sumu hubaki, na ng'ombe huula bila kujua.

Sasa tulishe. Si kila mnyama apewe sawa. Ng'ombe mwenye mimba ambaye hakamwi hutosheka na nyasi kavu za wastani pamoja na madini. Anayekamwa hatatosheka, mpe nyasi kavu tupu na ndoo itapungua siku kwa siku, hivyo huongezewa lishe ya nafaka au hupewa saileji bora. Ndama hupewa nyasi kavu kidogo kidogo ili tumbo lake lijifunze kazi. Wenye kondoo wengi huzipenda kwa sababu saileji iliyoharibika huweza kuwapa kondoo ugonjwa wa ubongo unaoua. Farasi naye, nyasi zake aghalabu huloweshwa maji kabla ya kulishwa ili vumbi litulie.

Ni kiasi gani? Tuseme una ng'ombe 20 wa nyama wasiokamwa. Kila mmoja akila kilo 12 za nyasi kavu kwa siku, hiyo ni kilo 240, yaani robota moja na kidogo kila kunapokucha. Baridi ya siku 150 itataka kilo 36,000, au marobota 164 ya kilo 220. Kwa euro 30, hiyo ni euro 4,920. Bei ikipanda hadi 45 ni euro 7,380. Na baridi ikikawia mwezi mmoja tu, kama ilivyokawia mwaka wa 2013, utahitaji marobota mengine 33, wakati ambapo kila jirani naye anatafuta.

Kwa sababu hiyo Teagasc, shirika la serikali la utafiti na mafunzo ya kilimo, huwahimiza wakulima kuhesabu akiba yao mapema, kabla baridi haijaingia. Ukijua Oktoba kwamba utapungukiwa, una njia nyingi. Unaweza kuuza ng'ombe watatu wakiwa bado wanene. Unaweza kununua nyasi kabla ya bei kupaa. Unaweza kupunguza kipimo polepole na kuongeza nafaka. Ukija kujua Machi, huna njia ila moja: kulipa unachoambiwa. Na ng'ombe utakaomwuzia mchinjaji wakati huo watakuwa ngozi na mifupa.

Lakini hata mwenye kuhesabu hutahiniwa. Mwaka wa 2018 baridi na theluji viliendelea hadi Machi, ng'ombe wakachelewa kutoka mabandani, na mara nyingine nyasi zikaletwa kutoka ng'ambo. Wakulima wakaomba jua. Likaja! Juni na Julai mwaka huo jua liliwaka kama ambavyo watu wengi huko hawakuwahi kuona. Zilikuwa siku bora kabisa za kukausha nyasi, siku baada ya siku bila wingu. Kilichokosekana sasa ni nyasi zenyewe, maana bila mvua ziligeuka manjano na kusimama kukua. Wengine walianza kuwalisha ng'ombe akiba ya baridi katikati ya kiangazi.

Mwaka wa 2022 serikali yenyewe haikutaka kungoja. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mbolea, na kulikuwa na hofu kwamba wakulima wangepunguza mbolea, nyasi zipungue, na mwisho wake uwe maghala matupu. Basi kukatangazwa malipo ya euro 100 kwa kila hekta ya nyasi kavu au saileji, hadi hekta 10 kwa mkulima. Yaani katika nchi ya kijani tupu, serikali iliwalipa watu kuweka nyasi akiba. Ukilijua tumbo la ng'ombe 20 huwezi kuwacheka.

Sasa, msomaji, kitendawili kimeteguka. Ayalandi haikukosa nyasi mwaka wa 2013 kwa sababu ya umaskini wa ardhi. Ilikosa siku za jua mwaka uliotangulia, kisha ikakosa joto kwa wakati wake, na katikati ya hayo mawili kulikuwa na wakulima waliotazama ghala likipungua wakijipa moyo kwamba malisho yatachipua kesho. Wapo waliohesabu na bado wakazidiwa. Lakini waliohesabu Oktoba walipata nafasi ya kuchagua watakavyoumia. Waliohesabu Machi walichaguliwa.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu huenda hutafuga hata sungura. Wewe mama na wewe baba wa mjini, ng'ombe wenu wa karibu yumo ndani ya pakiti ya maziwa. Lakini kila nyumba ina ghala lake, liwe ni mfuko wa unga au karo ya muhula ujao, na kila nyumba ina Oktoba yake, siku ile ambayo bado kuna nafasi ya kuhesabu na hatutaki kuhesabu kwa sababu ghala linaonekana limejaa.

Jioni ya leo, watoto wakishalala, keti uhesabu. Na ukienda sokoni kesho, usiulize bei ya robota kabla hujalipima.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.